Nilivyojaribu kumwingiza mjomba wangu Wikipedia

Kwenye ukuta wa kanisa lile, kushoto unapoingia, kuna jiwe la marumaru lenye majina manne. Askofu aliyelibariki. Waziri aliyekuja kulifungua. Mwenyekiti wa kamati ya harambee. Mkandarasi. Nimelisoma jiwe hilo tangu utotoni nikimsubiri mama amalize kusalimiana na watu, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyelichora lile paa. Aliyelichora alikuwa amesimama pale pale uani akitafuna njugu: mjomba wangu, kaka yake mama, msanifu majengo.

Paa lenyewe ni la zege, limekunjwakunjwa kama karatasi mtoto anapojitengenezea kipepeo. Halikukalia ukuta moja kwa moja. Kati yake na ukuta kuna mwanya wa kama kiganja, umezibwa kwa kioo. Ibada ya pili ikifika kwenye mahubiri, jua hupenya hapo na kuchora mstari mwembamba ukutani, nao huteremka polepole kuelekea madhabahuni. Sisi watoto tulipimia urefu wa mahubiri kwa mstari huo. Ukifika kwenye msalaba ujue njaa iko karibu kuisha.

Mjomba alifariki miaka miwili iliyopita. Kwenye matanga, binamu yangu mmoja alitoa simu, akatafuta jina lake, akasema kila mtu asikie: "Hata Wikipedia hayumo." Mimi nikasema nitashughulikia. Nilidhani ni kazi ya wikendi moja. Ilinichukua miezi 11, shilingi 27,400 na siku 6 za likizo yangu. Jina lake silitaji hapa, na mkisoma mtaona sababu.

Usiku ule ule nilifungua akaunti. Wikipedia ya Kiingereza haimruhusu mgeni kuanzisha makala moja kwa moja. Akaunti sharti iwe na umri wa siku 4 na iwe imefanya marekebisho 10 kwenye makala nyingine. Kabla ya hapo unaandika rasimu, halafu mtu anayejitolea anaikagua. Sikujua hayo, nikaona nabaguliwa. Nikachukua ule wasifu uliosomwa mazishini, uliokuwa kwenye kijitabu chenye picha ya marehemu na mishumaa, nikaunakili kama ulivyo. Alizaliwa, akasoma kwa shida, akawa mume mpenzi, akaacha pengo lisilozibika. Rasimu ilirudishwa: imesomeka kama sifa, na haina chanzo hata kimoja. Nikajibu kwa hasira aya nne nzima. Nilisema majengo yapo, nimeyaona kwa macho yangu, anayetaka aje Nairobi nimtembeze.

Mimi ni mhasibu. Kila mwisho wa mwezi narudisha madai ya usafiri ya watu waliosafiri kweli, kwa sababu hawana risiti. Dereva namjua, najua alikwenda Naivasha, gari nililiona likirudi na vumbi. Bila risiti, silipi. Na bado ilinichukua wiki kadhaa kung'amua kwamba yule mhariri nisiyemjua alikuwa ananitendea kile ninachowatendea wenzangu kila mwezi.

Kabla sijang'amua hilo nilifanya kosa la bei. Rafiki alinipa namba ya "mtaalamu wa Wikipedia". Akaahidi ukurasa ndani ya siku 5 kwa shilingi 18,000, nusu mbele. Nikatuma kwa M-Pesa. Ukurasa ulitokea kweli, tukaushangilia, nami nikamalizia nusu iliyobaki siku hiyo hiyo. Siku ya nne likabandikwa bango juu yake: inapendekezwa ifutwe. Nikampigia, simu ikaita bila kujibiwa. Kesho yake ikawa haipatikani.

Ndipo nikazifungua tanbihi alizoweka, moja moja, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kulipa. Zilikuwa 9. Tatu zilielekea kwenye blogu moja iliyoanzishwa wiki ile. Moja ilikuwa ukurasa wa kampuni ya mjomba mwenyewe. Mbili zilimhusu mtu mwingine mwenye majina kama yake, mkulima wa parachichi. Tatu hazikufunguka kabisa. Isitoshe, masharti ya Wikipedia yanamtaka anayelipwa kuandika aseme wazi kwamba amelipwa na nani, naye hakusema. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu kwamba atakuwekea ukurasa na hautafutwa, elewa kuwa hana mamlaka hayo, wala hakuna mwenye nayo. Fedha zile ungenunulia mabati.

Sasa nifike kwenye lile ninaloona haya kulisimulia. Mjadala wa kufuta makala kwa kawaida huachwa wazi siku 7. Mimi nikauona ni uchaguzi, na sisi ukoo wetu ni mkubwa. Nikaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: ingieni wote mseme makala ibaki, nikawawekea na sentensi ya kuanzia. Kulipokucha walikuwa wameingia watu 11, akaunti zote zimezaliwa usiku mmoja. Saba kati yao walikuwa na sentensi ile ile yenye kosa lile lile la tahajia, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Shemeji yangu aliandika kirefu jinsi marehemu alivyomlipia karo ya kidato cha tatu.

Kumbe pale hawahesabu mikono. Anayefunga mjadala hupima hoja, na hoja kumi na moja zinazofanana ni hoja moja, tena ya kutiliwa shaka. Walidhani ni mtu mmoja mwenye akaunti 11. Akaunti kadhaa zikafungiwa, yangu ikapewa onyo, makala ikafutwa. Mjadala wenyewe haufutwi. Upo hadi leo, jina la mjomba likiwa juu kabisa kwa herufi nene, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumwomba yeyote amsifu. Ndiyo sababu silitaji. Sitaki mtu asome hapa halafu aende akautafute.

Katikati ya fujo ile, mmoja wa waliotaka makala ifutwe alikuwa ameandika maneno machache niliyoyasoma vizuri baadaye tu, hasira ilipopoa. Alisema hana shaka kwamba mtu huyo alikuwa msanifu majengo mzuri. Shida ni kwamba ametafuta na hakuona mtu aliyeandika kumhusu. Nikamwandikia kwenye ukurasa wake wa majadiliano, nikajitambulisha kuwa mpwa wa marehemu, nikaomba radhi kwa wale 11. Alinijibu siku hiyo hiyo bila kunisimanga, na kwa mara ya kwanza nikaelewa swali lenyewe lilikuwa lipi.

Mimi nilikuwa nikiuliza: je, mjomba anastahili? Wao wanauliza: je, kuna watu wasiomhusu waliokwisha kuandika juu yake vya kutosha, ili sisi tufupishe tu? Chanzo kinachohesabiwa lazima kimzungumzie kwa kina, si kumtaja akipita njia. Lazima kitoke kwa mtu asiye jamaa, mwajiri wala mteja wake. Lazima kiwe kimepita mikononi mwa mhariri. Na kisiwe kimoja. Kwa wasanifu majengo na wasanii kuna mlango wa pili, nao ni kazi zao: jengo lililohakikiwa na waandishi kadhaa huru, kuingia kwenye maonyesho makubwa, au kuanzisha mbinu mpya ambayo wenzake wanakiri ni yake. Wingi wa majengo hauhesabiki. Mjomba alichora zaidi ya 40: mabweni, zahanati, soko moja, nyumba za walimu. Niliyaorodhesha yote. Hayakusaidia. Hata kufanya kazi kwenye ofisi iliyojenga jumba linalojulikana hakusaidii, kwa sababu umashuhuri wa jengo haumwambukizi kila aliyeshika rula.

Nikaanza kutazama wasanifu wa Nairobi waliomo. KICC, lile jumba la mikutano la ghorofa 28 lililokamilika 1973, linatajwa pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso wetu. Basilika ya Familia Takatifu ina Dorothy Hughes. Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, yumo na majengo ya Bunge. Ernst May alikuwa amekwisha kuvuma kwa mitaa ya Frankfurt miaka ya 1920 kabla hajatia mguu Afrika Mashariki. Ukiondoa Mutiso, unaona mchezo ulivyo: wengi wao walikuja na watu wa kuwaandika, au kwao kulikuwa na majarida na vyuo vilivyowafuatilia walikokwenda. Kizazi cha kwanza cha vijana wetu waliosomea usanifu hapa Nairobi, wakaajiriwa serikalini, wakachora mabweni ya Machakos na Kakamega, hakikuwa na mtu wa kukiandika. Rafiki yangu mwalimu anasema huo ni ukoloni umevaa suti mpya. Nusu ya maneno yake naikubali. Lakini najiuliza: Wikipedia ingeniruhusu kuandika kwa kumbukumbu yangu, ingemzuiaje yule wa 18,000?

Basi nikaenda kutafuta risiti.

Nilianza na Gazeti Rasmi la Serikali, kwa sababu matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni bure na majina ya wasanifu waliosajiliwa chini ya sheria yao, Sura ya 525, huchapishwa humo. Nilipoliona jina la mjomba katikati ya orodha nilipiga kelele hadi jirani akabisha hodi. Furaha ya bure. Usajili unathibitisha kwamba mtu aliruhusiwa kufanya kazi, kama leseni ya udereva. Hauthibitishi kwamba aliendesha vizuri.

Halafu magazeti. Nilitumia siku 4 za likizo kwenye nyaraka za kale, zikiwamo za lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki zamani na sasa ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ukienda, nenda na tarehe. Usiende na "miaka ya sabini hivi". Siku ya kwanza nilikwenda na "miaka ya sabini hivi" nikarudi nyumbani na vumbi puani tu. Ilinibidi nirudi kwenye lile jiwe la marumaru, nikanakili tarehe ya ufunguzi, ndipo nikajua juma la kuombwa. Jambo jingine: ukipata habari yako, andika hapo hapo jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Mimi nilipiga picha ya habari ikaonekana vizuri, lakini juu ya ukurasa, penye namba yake, nikapaacha nje ya picha. Nauli ya matatu mara ya pili, kwa ajili ya namba moja.

Habari yenyewe ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Hotuba ya waziri ilichukua safu nzima. Fedha za harambee zilitajwa hadi senti. Kwaya ilitajwa, na mvua iliyotishia kunyesha. Katika aya ya saba mwandishi akasema kanisa hilo limechorwa na "msanifu wa hapa nchini".

Niliyatazama maneno hayo kwa muda mrefu. Mwandishi alisimama futi chache kutoka kwa mtu mwenyewe. Alipata jina la kwaya.

Afueni ilitoka nisikotarajia. Mkutubi wa chuo kikuu kimoja, mama mpole mwenye miwani ya kamba, aliniuliza kama nimetazama majarida ya wasanifu wenyewe. Sikujua kwamba wana majarida. Kwenye rafu ya chini kabisa tulipata toleo lenye kurasa mbili kuhusu kanisa lile: picha ya paa, mchoro wa sehemu, jina la mjomba limeandikwa kwa ukamilifu. Na mwandishi hakumsifu tu. Alisema mwanga ni wa kupendeza lakini mwangwi ni balaa, mhubiri akikohoa unamsikia mara tatu. Kweli tupu, hadi leo tunafunga mapazia mazito nyuma ili kuupunguza. Nilifurahia lawama ile kuliko sifa zote za kwenye kijitabu cha mazishi, maana ndiyo iliyoonyesha kwamba mtu asiye wetu alikwenda, akaketi, akasikiliza.

Cha pili kilikuwa kitabu kuhusu majengo ya Nairobi, nusu ukurasa juu ya paa hilo hilo. Cha tatu, tasnifu ya uzamili yenye sura kuhusu mwanga makanisani. Hiyo ya tatu nilidhani ndiyo msumari wa mwisho, kumbe kwa Wikipedia tasnifu ya uzamili ni chanzo dhaifu, isipokuwa ionekane kwamba wataalamu wengine wameitegemea.

Nikazipanga mezani kama ninavyopanga vocha, nikaona jambo nililokuwa nimekataa kuliona. Risiti zote zilikuwa za kanisa. Hakuna hata moja iliyoeleza alizaliwa wapi, alifundishwa na nani, alifikiri nini. Ningeandika wasifu wake ningelazimika kujaza mapengo kwa hadithi za mama, na hapo ningekuwa nimerudi kwenye mishumaa.

Niliwaambia familia kwamba mjomba, kwa sasa, hastahili makala, na kanisa linastahili. Sikupendwa. Binamu yule wa matangani aliniuliza nimelipwa na nani. Mama alinyamaza, na kunyamaza kwake nakujua.

Makala ya kanisa niliiandika kwanza kwa Kiswahili. Wengi hudhani Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni mlango wa nyuma: kwamba ukikataliwa kwa Kiingereza unaingilia huko. Nilijaribu mapema, sikatai. Mkabidhi mmoja, yaani msimamizi wa huko, aliniuliza vyanzo viko wapi, kwa adabu zaidi, lakini swali ni lile lile. Safari hii nilikuwa navyo. Kwenye ukurasa wa majadiliano nilitangaza kwamba aliyechora jengo ni mjomba wangu, nikaomba wengine wakague. Mmoja alifuta neno "maridadi". Mwingine alisahihisha tarehe. Hakuna aliyetaka ifutwe. Ya Kiingereza nikaipitisha kama rasimu, ikasubiri wiki nyingi kwenye foleni, ikapita. (Rasimu usiitelekeze: ikikaa miezi 6 bila kuguswa inaweza kufutwa.) Kwenye Wikidata, ile hazina ya data iliyo dada yake Wikipedia, masharti ni mepesi zaidi, huko mjomba ana ukurasa wake mdogo, kwa kuwa kanisa lina sehemu ya kujaza msanifu na lazima ielekee mahali.

Picha nayo ilinipa somo. Nilitaka kuweka ile yake ya ujana, amevaa suruali pana, ameshika kikokotoo. Nyuma ina muhuri wa studio. Sura kuwa ya mjomba wako hakukupi haki ya picha, mwenye haki sikuweza kumthibitisha, na studio ilifungwa zamani. Niliiacha. Nikapiga mwenyewe picha ya paa, Jumapili saa nne na nusu asubuhi, mstari wa jua ukiwa umefika kwenye msalaba.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Anti, mkewe mjomba, Buruburu. Mtaa huo ulichorwa na kampuni ya Mutiso Menezes miaka ya 1970, na mjomba alikuwa akinung'unika kila mtu alipoongeza duka mbele ya nyumba, mpaka naye akaongeza lake. Anti alinionyesha mabomba mawili ya plastiki chini ya kitanda. Ndani mna michoro yake ya mkono, wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga, pembeni imeliwa na wadudu. Tulikunjua ule wa kanisa juu ya meza, tukaushikilia kwa vikombe vya chai. Chini kulia kuna kisanduku: jina la mradi, kipimo 1:100, tarehe, mchoraji. Hapo kwenye mchoraji kuna herufi zake tatu, ndogo, zimepigwa mstari mmoja.

Mhadhiri mmoja ameahidi kuipiga picha michoro yote kwa ubora mzuri, na huenda akaandika. Nimemwambia asinihoji mimi. Amhoji Anti na mafundi waliobaki, wawili tu ninaowajua, mmoja hasikii vizuri.

Nilikuwa nimechapisha ile makala ya Kiswahili pale saiba, rangi nyeusi na nyeupe, shilingi 20. Anti akavaa miwani, akasoma hadi mwisho kwa kidole.

"Kwa hivyo ameingia ama hajaingia?"

"Kanisa limeingia, Anti. Yeye yuko sentensi ya pili."

Akarudi juu, akaitafuta sentensi ya pili, akaisoma tena kwa sauti. Halafu akauliza kwa nini wameandika habari za mwangwi, na kama hiyo nayo haiwezi kufutwa.